Baba ana Parkinson, usiku apiga makelele na kurusha ngumi. Tumsaidieje alale?

BintiNahodha (Mkomani, Lamu)

Asalaam aleikum jamaa. Natafuta mtu aliyeuguza mgonjwa wa Parkinson, haya maradhi ya kutetemeka na kukakamaa, au aliye nayo mwenyewe, anieleze habari ya usingizi tu. Kutetemeka tumeshakuzoea. Usiku ndio umetushinda.

Baba ana miaka 74. Alikuwa nahodha, zaidi ya miaka thelathini akichukua boriti kutoka visiwani mpaka Mombasa. Mkono wa kulia ulianza kutetemeka 2019, na 2021 daktari wa Mombasa akatuambia ni Parkinson. Anameza vidonge vya levodopa na karbidopa mara tatu: saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na mbili na nusu jioni. Mchana vinamfaa kweli. Huenda msikitini kwa miguu yake, na punda wakipita kwenye kichochoro hujua kusimama ubavuni mwa ukuta.

Baada ya Isha hupanda kitandani, saa tatu hivi, na mpaka saa tano hulala vizuri. Baada ya hapo nyumba nzima huwa macho. Kwanza humwita Mama amgeuze, kwa sababu mwili umemganda na hawezi kulala upande mwingine bila kuvutwa. Kisha haja ndogo, mara nne, mara tano. Choo chetu kiko chini, ngazi kumi na tatu, na ngazi zenyewe mnazijua nyumba za Mkomani zilivyo, nyembamba na zasimama wima. Kisha saa tisa au saa kumi kuelekea alfajiri ndipo huwa baharini. “Tueni tanga! Maji yaingia, fueni!” Mikono yafua maji kama ashikaye kata, macho yamefumba. Ukimwita kwa jina hakusikii mpaka umguse.

Mwezi uliopita nilikuja asubuhi na mikate ya mofa nikamkuta Mama amejifunika buibui ndani ya nyumba yake mwenyewe. Jicho la kushoto lilikuwa limevimba. Akaniambia amejigonga kwenye ubao wa mlango. Siku ya tatu ndipo aliponiambia kweli. Baba alipojua ni mkono wake, alilia mbele yangu. Wana miaka 49 ya ndoa na sijapata kumsikia hata akimpandishia sauti. Tangu siku hiyo anaogopa kulala. Hukaa kitako, tasbihi mkononi, akisubiri Mama apitiwe na usingizi kwanza, na mchana wake huanguka barazani akakoroma mpaka Alasiri.

Tumemwomba Mama ahamie chumba cha pili. Hataki. “Nikiondoka, nani atamgeuza?” Na najua jambo jingine linamzuia ingawa halisemi, watu watasemaje kusikia wazee wa umri ule wametengana vyumba.

Tulimpeleka zahanati moja, tukaeleza kuwa usiku anapiga kelele na kupigana. Akachomwa sindano ya kumtuliza. Alitulia, lakini siku mbili zilizofuata hakuweza kutembea, mate yalimtoka, na uji ulikuwa haumpiti kooni. Hatukuambiwa sindano ile ilikuwa ya nini. Sitaki aipate tena.

Nauliza: haya ni ya Parkinson au akili yake inaanza kupotea? Kuna dawa ya usingizi inayomfaa mtu kama yeye? Na mchana akilala barazani tumwache au tumwamshe?

Langoni_Kijana

Pole sana dada, Mungu amjaalie mzee shifa. Mimi si mtaalamu. Babu yangu alikuwa akiweweseka hivyo hivyo, tukamwandikia kombe na kusomewa, na alipata utulivu. Watu wengine humpa mgonjwa Piriton, vile vidonge vya mzio, mbili usiku, alale. Na kuna mtu aliniambia mbegu za upupu ni dawa ya kutetemeka, eti wazungu wenyewe wameichunguza. Sijui kama ni kweli, nimelileta tu tusaidiane.

Mwalimu_wa_Barani (Malindi)

Waalaikumu salaam binti yangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Barani hapa Malindi. Nina miaka 67, na Parkinson nimeambiwa ninayo tangu 2016. Naandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, kwa hivyo jibu hili nimelianza jana mchana. Nimesoma maneno yako mara mbili na mara zote mbili nimesimama pale babako alipolia. Naomba nianzie hapo.

Mwambie hakumpiga mamako. Mtu akiwa ndani ya ndoto, ubongo huifunga misuli yake karibu yote, ukabakisha ya macho na ya kuvuta pumzi. Ndiyo maana wewe waweza kuota unakimbizwa na miguu yako imelala tuli. Kufuli hiyo iko kwenye shina la ubongo, huku chini kisogoni, na kwa wengi wetu wenye maradhi haya hulegea. Ndoto ikatoka nje kwa mikono na miguu. Madaktari wawili wa Minnesota kule Marekani, Carlos Schenck na Mark Mahowald, ndio walioieleza hali hii kwa mara ya kwanza, mwaka 1986, na ina jina lake hospitalini. Si wazimu wala si chuki iliyofichwa moyoni. Ndoto zenyewe mara nyingi ni za kushambuliwa au kujiokoa. Babako hapigani na mtu. Anaokoa chombo na mabaharia wake. Mwambie hivyo, kwa maneno hayo hayo, mbele ya mamako.

Kisha muulize mamako makelele yalianza lini, maana huweza kutangulia kutetemeka kwa miaka. Mimi nilimpiga mke wangu teke la goti mwaka 2007 nikiota mbwa amenishika kanzu. Tulilisahau. Mkono wangu ulikuwa mzima kabisa wakati huo, ulianza kutetemeka miaka minane baadaye. Daktari alipoliuliza swali hilo ndipo sote wawili tulipotazamana.

Sasa usingizi. Kosa nililolifanya mimi kwa miaka miwili ni kwenda kliniki na neno moja: “Silali.” Mtu ukisema silali, utapewa cha kukulaza. Mwaka 2018 nilipewa kidonge cha usingizi, nikaamka saa nane kwenda msalani, kichwa kizito kama gunia, nikaanguka nikavunjika kiwiko cha mkono. Hakuna aliyekuwa ameuliza ni kitu gani kinachoniamsha. Nami sikuwa nimejiuliza.

Mke wangu ndiye aliyetutoa hapo. Alichukua daftari la mraba, la hesabu za shule, akaligawa kwa mistari: saa niliyoamka, kilichoniamsha, kidonge cha mwisho nilimeza saa ngapi, na mchana nililala muda gani. Usiku kumi na nne aliandika, kwa kurunzi, maskini, na asubuhi ana kazi zake. Tukaenda nalo Mombasa. Daktari wa mishipa ya fahamu alilitazama kwa dakika mbili tu akaweka kidole. Usiku mwingi nilikuwa naamka muda wa saa tano ukishapita tangu kidonge cha mwisho, karibu kama saa ya ukutani.

Levodopa haidumu mwilini. Nusu yake huwa imeshaondoka katika damu kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Sasa tazama saa za babako. Anameza saa kumi na mbili na nusu jioni, na saa tano usiku anamwita mamako amgeuze. Hajaharibika akili. Ameishiwa dawa. Mimi nikifika saa hiyo huwa kama nimemiminiwa saruji kiunoni, najua mkono uko wapi, najua mto uko wapi, na mwili hausikii amri. Alfajiri vidole vya mguu wa kushoto hujikunja chini vyenyewe, kama vya kuku aliyeshika tawi, na maumivu yake yanapanda mpaka gotini. Hilo nalo ni kuishiwa dawa. Kwangu daktari aliongeza kidonge cha aina ile inayotoka polepole, nakimeza napopanda kitandani. Hakisagwi wala hakitafunwi, maana ukikisaga chote hutoka kwa mpigo. Siku hizi mara nyingi nafika saa kumi alfajiri kwa usingizi mmoja. Lakini hilo ni jambo la daktari kulipima. Msimwongezee wenyewe, maana dawa ikizidi usiku nayo huleta ndoto kali na kuona watu wasiokuwepo.

Kidonge cha jioni je, anakimeza na chakula? Protini ya samaki, nyama na maharagwe hugombania njia moja na levodopa tumboni na kwenye ubongo. Nusu saa kabla ya kula, au saa moja baada ya kula, ndivyo nilivyoelekezwa.

Kuna vitu vya nyumbani ambavyo havihitaji daktari, na vilinisaidia kabla hata ya hicho kidonge. Wekeni kitambaa cha satini katikati ya shuka, kuanzia mabegani mpaka mapajani. Mke wangu alikinunua pale wanapouza vitambaa vya magauni ya harusi, mita moja na nusu, akakishona juu ya shuka la pamba. Kiuno kinateleza unageuka. Miguuni acheni pamba, ili visigino vipate pa kukanyaga, na asivae nguo ya satini juu ya satini, atateleza mpaka sakafuni. Kikoi hujisokota mapajani kikamfunga mtu kama pingu. Suruali fupi nyepesi ni bora. Na fungeni kamba miguuni pa kitanda, yenye kitanzi kikubwa mwishoni, ifike mkononi mwake. Ataivuta akae mwenyewe. Nahodha na kamba hawahitaji kufundishana.

Samadari ya mamako, kama ni zile za kupanda kwa kigoda, mtaniwia radhi, iondoeni chumbani. Najua ni kitu cha harusi. Ila mtu anayefua maji usingizini akianguka kutoka kimo kile atavunjika nyonga. Kitanda kifike gotini, akikaa nyayo ziguse sakafu. Godoro la chini kabisa pia si zuri, hataweza kuinuka. Pembeni tandikeni godoro jembamba. Taa ya chemni, birauli, meza yenye pembe, vyote viende mbali. Na chandarua kifungwe kwenye fremu pana, kisimguse, maana mimi nilijisokota ndani ya chandarua nikaota nimo wavuni. Ile haikuwa ndoto tena.

Mamako asiondoke chumbani. Alale kitanda chake, ng’ambo ya pili ya chumba, mkono usipofika lakini sauti yafika. Hakuna mtu wa nje atakayejua vitanda ni vingapi. Akianza kupiga kelele asimwinamie wala asimshike mikono. Amwite kwa mbali, kwa upole, na kama hasikii ampe muda.

Kwa zile ndoto zenyewe, baada ya mambo ya chumba, daktari alinianzishia melatonini, homoni ya usingizi, miligramu 3 kabla ya kulala, akapandisha mpaka 6. Ngumi zimepungua, kelele zimebaki kidogo. Kuna na dawa inayoitwa klonazepamu ambayo madaktari hutumia kwa hali hii, inafanya kazi, lakini kwa wazee wanaopepesuka na wanaokoroma wanaipa kwa tahadhari kubwa. Umesema babako anakoroma. Mwambie daktari hilo.

Na mchana muamsheni. Kailula ya nusu saa kabla au baada ya Adhuhuri yatosha. Asubuhi apate jua. Mimi huenda kwa miguu mpaka karibu na Nguzo ya Vasco da Gama na kurudi, saa moja na nusu asubuhi, na siku nisiyokwenda usiku wangu hujua. Kahawa ya barazani baada ya Isha, kama anakunywa, ihamie asubuhi.

Nimechoka, nitaacha hapa. Daftari, binti yangu. Anza na daftari leo usiku.

Bi_Muuguzi (Mokowe)

Nimekuwa muuguzi miaka 31 na nimestaafu. Mwalimu amesema vizuri sana, nami nitashika mambo ya dawa tu, kwa sababu ile sindano imenitia hofu.

Mwanangu, rudini pale mulizeni jina lake, waandike kwenye karatasi. Parkinson ni upungufu wa dopamini kwenye ubongo, kemikali inayousaidia mwili kwenda, na levodopa ndiyo inayoirudisha, na dawa nyingi za kutuliza, kama haloperidoli na Largactil, kazi yake ni kuizuia dopamini hiyo hiyo. Ukimpa mgonjwa wa Parkinson, unamnyang’anya kile kidogo alichobaki nacho. Kukakamaa, mate kumtoka, kushindwa kumeza, ndiyo dalili zake. Hali hiyo pia hutokea kwa Plasil, ambayo watu humpa mzee akitapika bila kufikiri, na kwa Phenergan, dawa ya mzio na kutapika. Kichefuchefu ni jambo la kawaida kwa anayetumia levodopa, kwa hivyo siku itafika mtapewa Plasil. Ikataeni kwa adabu, mseme ana Parkinson, kuna nyingine. Mwandikieni kadi ndogo akae nayo mfukoni mwa kanzu.

Kijana wa Langoni, nakushukuru kwa moyo wako. Kombe na dua havimzuii mtu kumeza vidonge vyake, wazee wangu nao walisomewa. Ila Piriton kwa mzee wa miaka 74 hapana. Inakausha kinywa, inafunga choo na mkojo, na inaweza kumvuruga akili usiku ule ule. Upupu ni kweli, mbegu zake zina levodopa ndani, na umechunguzwa. Shida ni kwamba kijiko kimoja hakijulikani kina kiasi gani. Ukiuongeza juu ya vidonge, shinikizo la damu linaweza kuporomoka, au mwili ukaanza kujinyonganyonga bila kukusudia, au akaona vitu. Asipewe kimyakimya.

La mkojo. Apunguze kunywa saa mbili tatu kabla ya kulala, lakini mchana anywe maji ya kutosha, la sivyo choo kitafunga na vidonge havitafanya kazi vizuri. Apimwe mkojo na sukari, na tezi dume pia, msiseme kila kitu ni Parkinson. Ngazi kumi na tatu usiku hapana kabisa. Awe na chupa ya haja ndogo kando ya kitanda. Najua atasema habari ya twahara na sala. Nimewauguza wazee wengi wa Lamu, wote husema. Mpelekeeni imamu wake aongee naye, hao huwasikiliza. Na akiinuka akae ukingoni mwa kitanda kwanza, ahesabu mpaka ishirini, ndipo asimame. Wengi wao shinikizo huanguka wakisimama ghafla. Kuinua kichwani pa kitanda kwa vipande vya mbao husaidia.

Muulizeni pia kama usiku miguu inamwasha ndani kwa ndani, inataka kutembezwa tembezwa, ikitulia akitembea. Hilo ni tatizo jingine, na daktari huanza kwa kupima madini ya chuma kwenye damu.

Kama siku moja wataongeza dawa nyingine za Parkinson, pramipeksoli au ropiniroli, mjue zinaweza kumlaza mtu ghafla katikati ya maneno. Asikae kwenye ukingo wa gati wala kupanda mashua peke yake. Selejilini na amantadini, nazo za Parkinson, ni za asubuhi, zikimezwa jioni hazimwachi alale. Na levodopa yake isikatwe ghafla hata siku moja, si kwa safari, si kwa kuisha dukani, si kwa kufunga. Kuikata ghafla kunaweza kuleta homa kali na mwili kukakamaa, na watu hufa kwa hilo. Habari ya Ramadhani ongeeni na daktari mapema, mwezi wa Rajabu au Shaabani, msingoje mwandamo.

Mwisho, na hili si dogo. Mamako naye analala lini?

BintiNahodha

Mwalimu, nimemsomea Baba jibu lako lote, kwa sauti, Mama akiwepo. Ulipofika pale pa kuokoa chombo alinyamaza sana. Kisha akatuambia ndoto yenyewe. Huwa ni ule ule usiku mmoja, baharini kusini ya Kipini, jahazi limejaa boriti, wimbi limevunja mbao za ubavuni na kuna kijana ametupwa majini. Kweli jambo hilo lilitokea, na kijana yule waliwahi kumtoa. Miaka yote hii hatukujua. Mama akasema, “Basi kumbe mimi ndiye maji.” Akamshika mkono.

Na makelele, Mama akumbuka yalianza mwaka niliozaa mtoto wangu wa pili, 2011. Mkono ulianza kutetemeka 2019.

Bi Muuguzi, swali lako la mwisho sikuwa na jibu lake. Mama halali. Kuanzia leo mimi na ndugu yangu tutalala pale kwa zamu, usiku mbili mbili, ili naye apate usiku wake. Daftari nimenunua.

BintiNahodha

Wiki sita zimepita, nimeona si vizuri kuchukua maneno yenu nikanyamaza.

Tuliandika usiku kumi na sita. Nilidhani ndoto ndizo zinazomwamsha zaidi. Sivyo. Ndoto zilikuwa usiku saba tu kati ya hizo. Kuganda kulikuwa kila usiku bila kukosa, kati ya saa tano na saa sita unusu. Na tukagundua jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyeliona: mara nyingi hakuwa anaamka kwa mkojo. Aliamka kwa kuganda, akishaamka ndipo akahisi mkojo.

Jina la sindano tulilipata. Ilikuwa haloperidoli. Nimeliandika kwenye kadi pamoja na yale mengine, iko mfukoni mwa kanzu yake na nakala iko kwenye mkoba wa Mama.

Tulitoka alfajiri, mashua mpaka Mokowe, basi kupitia Witu na Garsen, tukalala Malindi kwa binamu yangu ili asichoke, kesho yake Mombasa. Daktari alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Ameongeza kidonge cha kutoka polepole wakati wa kulala, kile cha jioni kimebadilishwa saa na hakimezwi tena na chakula. Ndoto amesema tuanze na chumba na melatonini, klonazepamu tuiache mpaka apimwe koromo, maana Mama amesema pumzi humkatika usingizini kisha huivuta kwa kishindo. Hilo nalo lingepita bila kusemwa.

Sasa usiku ni hivi. Hulala saa tatu unusu, huamka saa nane au saa tisa kwa haja ndogo mara moja, mara mbili. Chupa aliikataa wiki nzima. Imamu alikuja akakaa naye barazani, sikusikia walichosema, ila usiku ule aliitumia. Ndoto bado zipo, mara mbili kwa wiki, zaidi ni maneno, mikono imetulia. Alianguka mara moja, juu ya godoro, hakuumia. Mchana bado ni mgumu, akikaa peke yake barazani hulala, kwa hivyo mwanangu akitoka madrasa humchukua mpaka gatini watazame mashua.

Samadari ilikuwa jambo zito. Mama alisimama mlangoni wakati mafundi wanaifungua. Hatukuiuza, iko chumba cha juu, imefunikwa. Vitanda vipya viwili vya mvule vimewekwa sambamba, na kati yao pana nafasi ya hatua mbili. Mama ametandika mkeka hapo katikati na juu ya mkeka godoro.

Kamba nililetewa ya pamba, nene, na nilikuwa nimeshaifunga miguuni pa kitanda nijuavyo mimi. Baba akaitazama, akaniambia niifungue. Vifungo vya kanzu hawezi kuvifunga mwenyewe tangu mwaka juzi. Alikaa chini, ikamchukua muda mrefu mkono ukimtoka, hakutaka asaidiwe, akafunga fundo lake na kitanzi chake. Ndilo analovuta kila usiku.

Bi Muuguzi, nakuja Mokowe Jumatatu kuchukua vidonge vya mwezi ujao. Kama upo nitapita nikupe mkono.